Roketi ya bonde la Luvua ingeenea mkobani mwa mfanyabiashara

NCHELENGE, Zambia

Maji yanayopiga ufukwe wa soko la samaki la Kashikishi hayakai pale. Husogea taratibu kuelekea kaskazini, yakavuka mpaka usioonekana katikati ya Ziwa Mweru, yakatokea Pweto upande wa Kongo na kubadilika jina kuwa mto Luvua. Takriban kilomita 150 kutoka Nchelenge, ukipima kwa mstari wa ndege, mto huo hupita chini ya uwanda wa juu unaoitwa Kapani Tonneo. Tarehe 17 Mei 1977, kutoka ukingo wa uwanda huo, ilirushwa roketi.

Haikuwa ya jeshi wala ya serikali. Ilikuwa mali ya OTRAG, kampuni binafsi ya Ujerumani Magharibi iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser. Rais Mobutu Sese Seko alikuwa ameikodishia kampuni hiyo eneo la Shaba, yaani Katanga, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 100,000. Hiyo ni karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa.

Miaka karibu 50 baadaye, wafanyabiashara wanaopita Chiengi kwenda Pweto, na wale wanaovuka ziwa kwenda Kilwa ya Kongo (msomaji wa Tanzania asichanganye na Kilwa yake), wanabeba chisense waliokaushwa, sabuni, unga, vitenge na mafuta ya kupikia. Roketi haimo katika mizigo hiyo. Lakini kwingineko duniani roketi ndogo za kuunganisha kwa mkono ni bidhaa, na ina wateja wanaoilipia vizuri. Swali la kibiashara ni kwa nini historia ya ufukwe huu isiwemo katika bidhaa hiyo, na mtu wa hapa angehitaji nini ili aiingize.

Roketi za filamu na watu wanaozijenga

Wapo watu Ulaya, Marekani na Japani ambao jioni baada ya kazi huketi mezani na kisanduku cha vipande vya rezini, wakavisugua kwa msasa, wakaviunganisha na kuvipaka rangi hadi vikawa chombo cha anga cha urefu wa mkono. Wengi wao hawajengi roketi zilizowahi kuruka. Wanajenga zile za filamu na vitabu vya zamani: chombo cha fedha kilichosimama juu ya mapezi yake katika filamu ya *Destination Moon* ya mwaka 1950, safina ya *When Worlds Collide* ya mwaka 1951, au roketi ya mirabaraba myekundu na myeupe ambayo Hergé, mchoraji wa Ubelgiji, alimpandishia Tintin kwenda mwezini.

Roketi hiyo ya Tintin ilianza kuchapishwa mwaka 1950, Kongo ikiwa bado koloni la Ubelgiji. Hergé mwenyewe alitengenezewa modeli yake, yenye sehemu zinazofunguka, ili wachoraji wake wasikosee chumba kipi kiko wapi. Kwa maneno mengine, kabla roketi hiyo haijaenea kwenye kurasa, ilikwisha kuwa kitu cha kushikwa mkononi.

Kinachowavutia wajenzi ni umbo. Roketi ya filamu za wakati ule ni nene katikati, kali juu, na mapezi matatu au manne chini. Umbo hilo halikutoka hewani. Mwaka 1929 mwongozaji Fritz Lang alitoa Berlin filamu ya *Frau im Mond*, yaani mwanamke mwezini, na mshauri wake wa mambo ya roketi alikuwa Hermann Oberth, mmoja wa mababa wa elimu ya roketi. Ile desturi ya kuhesabu kurudi nyuma hadi sifuri kabla ya kurusha ilijulikana kwa watu kupitia filamu hiyo. Vijana waliojifunza chini ya Oberth, akiwemo Wernher von Braun, ndio waliotengeneza V-2, kombora la Ujerumani ya Hitler. V-2 ya kwanza kuruka kwa mafanikio, tarehe 3 Oktoba 1942, ilikuwa imechorwa nembo ya filamu hiyo kwenye kitako chake. Baada ya vita, wachora katuni na watengeneza filamu walichukua umbo la V-2 na kulirudisha kwenye hadithi.

Mmoja wa wahandisi waliosimamia majaribio ya V-2 aliitwa Kurt Debus. Alihamia Marekani, akawa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha Kennedy kule Florida kilichowarusha watu kwenda mwezini, akastaafu mwaka 1974. Kisha akawa mwenyekiti wa bodi ya OTRAG. Hivyo mnyororo unaoanzia kwenye roketi ya filamu ya mwaka 1929 unafika, bila kuruka pingili, hadi kwenye bonde la Luvua.

Mabomba manne na mota ya waipa

Aliyekuwa akitarajia kuona roketi ya Tintin pale Kapani Tonneo angevunjika moyo. Kayser hakutaka mapezi ya kupendeza. Alitaka kitu cha bei rahisi. Roketi yake ilikuwa fungu la mabomba ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 27, kila bomba likiwa na injini yake chini. Ukitaka kubeba mzigo mdogo, unafunga mabomba machache. Ukitaka mzigo mkubwa, unafunga mengi zaidi, hata mamia. Roketi ya kwanza ya Mei 1977 ilikuwa na mabomba manne tu.

Mafuta yake yalikuwa ya taa, ya aina ambayo kila nyumba ya ufukweni inaijua, yakichomwa kwa msaada wa asidi ya naitriki. Vali za kuruhusu mafuta kwenda kwenye injini ziliendeshwa na mota ya waipa, ile inayofuta mvua kwenye kioo cha gari. Muuza spea yeyote wa Mansa au Lubumbashi angeitambua.

Bahati haikudumu. Roketi ya pili ilirushwa Mei 1978, wiki ile ile ambayo askari wa Ufaransa walishuka kwa miavuli mjini Kolwezi kuwaondoa wapiganaji walioingia Shaba wakipitia Zambia. Roketi ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilirushwa mbele ya Mobutu mwenyewe. Ilipotoka kwenye nguzo yake ilipinda na kuanguka bondeni. Wakati huo Urusi ya Kisovyeti ilikuwa inadai kwamba Wajerumani wanajaribu silaha kwa siri katikati ya Afrika, na nchi jirani hazikulala usingizi mzuri. Mwaka 1979 Mobutu alifunga shughuli hiyo. OTRAG ikahamia Libya.

Kwa mjenzi wa modeli, unyonge wa umbo la roketi hii ndio faida yake. Ukiipunguza mara 36, kila bomba linabaki na unene wa milimita saba na nusu, karibu sawa na penseli ya shule. Penseli nne zilizofungwa pamoja na kichwa cha koni juu yake: hiyo ndiyo roketi ya Mei 1977. Kazi halisi iko kwenye vitu vinavyoizunguka, kama nguzo ya kurushia, vibanda, matangi, na ukingo wa uwanda unaoporomoka kuelekea mtoni. Wanunuzi wa modeli hupenda jukwaa la namna hiyo kuliko roketi iliyosimama peke yake, kwa sababu jukwaa lina mahali na lina siku.

Jinsi kipande cha rezini kinavyozaliwa

Modeli za plastiki za viwandani hutengenezwa kwa kalibu za chuma ambazo gharama yake hulipika tu kama utauza maelfu kwa maelfu. Rezini ni kazi ya karakana ndogo. Ndiyo maana modeli za roketi ambazo wateja wake ni mia mbili au mia tatu duniani huwa za rezini, na nyingi hutoka kwenye gereji ya mtu mmoja.

Kwanza fundi hutengeneza kipande mama, kwa mti, kwa plastiki au kwa mashine ya kuchapa maumbo. Hapa ndipo ustadi ulipo. Kipande mama kikiwa na mkwaruzo, kila nakala itazaliwa na mkwaruzo huo. Kisha hukiweka ndani ya kisanduku na kukimwagia mpira wa silikoni wa majimaji, ambao huachwa ugande, mara nyingi kwa usiku mzima. Ukishagandishwa na kipande mama kutolewa, unabaki na kalibu laini. Fundi wa jipsamu anayemwaga maua ya dari na fundi wa matofali ya njia za miguu wanaijua kazi hii. Tofauti iko kwenye ukubwa na usahihi.

Rezini ya poliurethani huja katika chupa mbili. Zikichanganywa, kwa kawaida kwa kiasi sawa, zina dakika chache tu kabla hazijaanza kuwa ngumu. Mchanganyiko humwagwa kwenye kalibu, na baada ya nusu saa hivi kipande hutolewa. Mapovu ya hewa ndiyo adui mkubwa, na karakana zenye uwezo hutumia chungu cha shinikizo ili kuyabana yasionekane. Kalibu moja ya silikoni hutoa nakala kati ya 20 na 50, kisha huanza kuchanika na kupoteza alama ndogondogo. Mnunuzi wa rezini analijua jambo hilo. Huuliza kipande chake ni cha mwanzo wa kalibu au cha mwisho, kama mnunuzi wa chisense anavyouliza walikaushwa kwa jua la siku ngapi.

Mjenzi naye ana kazi yake. Huosha vipande kwa maji ya sabuni ili kuondoa mafuta ya kalibu, maana rangi haishiki juu yake. Hukata vishikizo vya ziada, huziba vitundu kwa puti, na bawa lililopinda hulitumbukiza kwenye maji ya moto na kulinyoosha kwa vidole. Gundi ya modeli za plastiki haifanyi kazi kwenye rezini. Hutumika supaglu au epoksi. Pezi zito hutobolewa na kutiwa waya mwembamba wa shaba ndani ili lisivunjike. Watoto wa pande zote mbili za Mweru wanaojitengenezea magari ya waya kwa vyuma chakavu na vifuniko vya chupa hawangeona ajabu yoyote katika hatua hiyo.

Msimu wa samaki na msimu wa unyevu

Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Ziwa Mweru limo katika amri hiyo. Kwa miezi mitatu mtaji wa Kashikishi hulala, na mtu anayetafuta kazi ya pembeni huitafuta hasa wakati huo. Rezini, kwa bahati mbaya, haipendi miezi hiyo. Chupa ya poliurethani ikishafunguliwa hufyonza unyevu wa hewa, na rezini iliyofyonza maji hufanya povu kama uji uliochemka kupita kiasi. Desemba hadi Februari ni katikati ya masika ya Luapula, kando ya ziwa lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 5,000.

Kwa hiyo kalenda ya karakana ya Nchelenge ingelazimika kugawanyika. Miezi ya kufungwa kwa ziwa ingefaa kuchonga vipande mama kwa mti, kusugua, na kuunganisha na kupaka rangi vipande vilivyokwisha kumwagwa. Kumwaga kwenyewe kungengoja kiangazi, kuanzia Mei hivi. Wauzaji wa vifaa hivi mara nyingi husifia jinsi kazi ilivyo nyepesi na kusahau kusema habari ya unyevu.

Jambo jingine lisilosemwa vya kutosha ni mapafu. Chupa moja kati ya zile mbili ina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zinaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Vumbi la rezini nalo si la kuvuta. Wajenzi makini husugua kwa msasa wa maji, huvaa barakoa ya vichujio, na hawamwagi rezini kwenye chumba ambacho watoto wanalala. Nyumba ya vyumba viwili siyo karakana ya rezini. Anayeanza bila banda lililo wazi pande mbili ni afadhali aanze na mti.

Mti wenyewe si njia ya kudharauliwa. Kinshasa kuna wachongaji ambao kwa miaka mingi wamewauzia wageni sanamu za Tintin za mti. Hapo lipo onyo pia: maumbo ya Hergé yana wenye haki, na wanajulikana kwa kuyalinda mahakamani. Roketi za filamu nazo zina wenyewe. Fundi anayetaka kulala bila hofu anajenga kitu kilichotokea kweli, kwa mchoro aliouchora mwenyewe kutokana na picha na vipimo vinavyojulikana.

Forodha inaionaje

Katika vitabu vya forodha modeli hizi zina mahali pake. Msimbo wa kimataifa 9503 unahusu vichezeo na pamoja navyo modeli zilizopunguzwa ukubwa, ziwe zinafanya kazi au hazifanyi. Silikoni ghafi iko katika 3910, na poliurethani ghafi kwa kawaida katika 3909. Tofauti hiyo ya misimbo ina maana kwa mfukoni.

Zambia na Kongo zote ni wanachama wa COMESA na SADC. Kongo iliingia pia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini Zambia haimo, kwa hiyo cheti cha Afrika Mashariki hakimsaidii mtu wa Nchelenge. Tanzania nayo ilijitoa COMESA mwaka 2000. Anayepeleka mzigo Tunduma atatumia njia ya SADC. Katika kanuni za COMESA za asili ya bidhaa, mojawapo ya njia za bidhaa kutambuliwa kuwa ya nchi mwanachama ni malighafi ya kigeni kubadilika msimbo inapotengenezwa. Rezini ya 3909 iliyomwagwa Nchelenge ikawa modeli ya 9503 ina hoja ya kutetea. Seti iliyoagizwa kutoka China na kubandikwa gundi tu Nchelenge haina hoja hiyo, maana kuunganisha kwa urahisi hakuhesabiwi kuwa utengenezaji. Kabla ya kufunga mzigo, ofisi ya forodha ya mpakani ndiyo ya kuulizwa. Kuuliza ni bure, na kukamatwa kuna gharama.

Mzigo wenyewe ni mwepesi. Modeli 20 za urefu wa shubiri zinaenea kwenye mkoba mmoja, hazinuki, hazina haja ya barafu. Lakini mteja wake hayuko sokoni Kashikishi, na anayedhani atamuuzia roketi mama aliyekuja kununua samaki atarudi nayo nyumbani. Wateja wako kwenye hoteli na makumbusho, na hasa kwenye minada ya intaneti ambako wakusanyaji wa roketi hutafuta kile ambacho jirani yao hana.

Seti moja, roketi tatu

Fundi angeweza kuongeza jirani wengine kwenye kisanduku. Luwingu, mashariki ya Luapula, ndiko alikokamatwa katika harakati za kupinga ukoloni miaka ya 1950 Edward Makuka Nkoloso, mwalimu na askari mstaafu wa Vita vya Pili. Mwaka 1964, Zambia ikipata uhuru, Nkoloso alitangaza chuo chake cha anga nje ya Lusaka na roketi aliyoiita D-Kalu 1. Wanafunzi wake aliwaviringisha mlimani ndani ya pipa la mafuta ili wazoee safari, na msichana wa miaka 17, Matha Mwamba, alitajwa kuwa ndiye atakayepanda pamoja na paka. Aliomba UNESCO pauni milioni 7. Hazikuja. Waandishi wa nje walimcheka. Mwandishi Namwali Serpell amehoji kama huenda mzee yule ndiye aliyekuwa akiwacheka wao. D-Kalu 1 ilikuwa na umbo la pipa, na kwa fundi wa kalibu hakuna kitu rahisi zaidi kumwaga.

Ya tatu ni roketi ya Scout. Kutoka majukwaa ya San Marco, baharini mbele ya Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kati ya mwaka 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kiliondoka pale chombo cha Marekani cha kupima miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, cha kwanza cha aina yake duniani, kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Scout ni nyembamba na ndefu, yenye mapezi madogo chini na maungio yanayoonekana kati ya hatua zake nne. Ndiyo ngumu kuliko zote kumwaga kwa kipande kimoja, kwa sababu rezini ndefu na nyembamba hupinda kwenye joto. Mafundi wenye uzoefu huweka chuma chembamba katikati ya kalibu kabla ya kumwaga, au hutumia bomba la shaba kwa mwili na kubakiza rezini kwa mapezi na kichwa tu.